Barakoa ya CPAP kwa sisi tunaovua meno ya bandia usiku: pima uso unaolala nao

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote.

Nimeamua kuandika uzi huu baada ya kusoma kimyakimya kwa karibu miaka miwili. Kila ninapopita katika mazungumzo ya watu wanaotumia mashine ya CPAP nakuta malalamiko yaleyale ya barakoa inayovuja hewa, na karibu kila jibu linalotolewa linachukulia kwamba mwulizaji ana meno yake yote kinywani. Mimi sina. Juu sina jino hata moja, na chini nimebakiwa na sita ya mbele. Mchana navaa seti kamili ya juu na seti ndogo ya chini, na usiku zote mbili hukaa kwenye bakuli la maji. Ni mwalimu mstaafu, nina miaka 66, naishi Tanga, na ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kuhangaika usiku baada ya usiku, kisha kwa kuuliza wataalamu maswali ambayo nilipaswa kuyauliza tangu siku ya kwanza.

Kwa aliyeingia hapa bila kuijua mashine yenyewe, nieleze kwa ufupi. Mtu mwenye tatizo la kukosa pumzi usingizini huzibwa njia ya hewa kooni misuli inapolegea, pumzi hukatika kwa sekunde kumi au zaidi, ubongo humshtua, anavuta hewa kwa kishindo, na hali hiyo hujirudia usiku kucha. Kwa mtu mzima, matukio yasiyofika matano kwa saa huhesabiwa kuwa hali ya kawaida, na yakizidi 30 tatizo ni kubwa. Mimi nilikuwa na 41. Mashine ya CPAP, ambayo daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981, husukuma hewa kupitia bomba na barakoa ili koo lisijifunge. Haina dawa ndani yake. Kazi yote hufanywa na msukumo wa hewa, na msukumo huo ukitorokea pembeni mwa barakoa, koo hubaki bila ulinzi. Ndiyo maana siikubali ile kauli ya "utazoea tu" wanayoambiwa watu ambao barakoa zao hazikai.

Nilipimiwa barakoa katika kliniki moja jijini Dar es Salaam. Ilikuwa asubuhi, nimekaa kitini, nimevaa shati lililopigwa pasi na meno yangu yote ya bandia. Kijana aliyenipima alikuwa na adabu na mkono mwepesi. Aliniwekea kipimo usoni, kutoka katikati ya macho hadi chini ya mdomo, akasema saizi yangu ni ya kati, akanivisha barakoa inayofunika pua na mdomo, akawasha mashine kwa dakika mbili, na hewa haikutoka hata kidogo. Hakuniuliza kama ninavua meno ninapolala. Nami sikumwambia. Nalisema hili waziwazi kwa sababu naamini si langu peke yangu: niliona aibu. Nimefundisha miaka 34, nimesimama mbele ya watu kila siku ya kazi, na nje ya nyumba yangu hakuna aliyewahi kuniona bila meno. Kwa hiyo tulipima uso mmoja, kisha nikaenda kulala na uso mwingine.

Usiku wa kwanza nyumbani barakoa ilipiga mluzi kama birika. Hewa ilitoka pembe za mdomo, ikapanda hadi machoni, na kufikia saa tisa usiku macho yalikuwa yamekauka na kuwasha. Nilifanya kile ambacho nadhani kila mtu hukifanya, yaani nilikaza mikanda. Asubuhi mashine ilinionyesha uvujaji wa lita 48 kwa dakika. Wenye mashine za ResMed wajue kwamba kwao mpaka unaovumilika ni lita 24 kwa dakika, na hapo inahesabiwa hewa inayotoroka tu, si ile inayotoka kwa makusudi kwenye vitundu vya barakoa ili kuondoa hewa chafu tunayoitoa. Nikakaza tena. Wiki ya tatu nilikuwa na kidonda juu ya mfupa wa pua, na uvujaji ulikuwa umeongezeka badala ya kupungua.

Baadaye nilielezwa sababu, na ningependa ikae vizuri katika kumbukumbu ya kila msomaji. Ukingo wa ule mto wa silikoni wa barakoa ni utando mwembamba ambao hewa ya mashine yenyewe huujaza na kuubandika kwenye ngozi. Ukiubana mno, utando hujikunja, na penye mkunjo ndipo hewa inapopitia. Mikanda kazi yake ni kuizuia barakoa isihame. Kazi ya kuziba ni ya hewa na utando.

Aliyepata ufunguo wa jambo lenyewe ni mke wangu. Jioni moja aliniomba nilale chali, akanipiga picha kwa simu mara mbili, kwanza nikiwa na meno na kisha nikiwa sina. Tulipozitazama hizo picha pamoja nilinyamaza kwa muda. Bila meno, mdomo wa juu ulikuwa umeingia ndani, mashavu yamebonyea, na umbali kati ya pua na kidevu umepungua kwa zaidi ya upana wa kidole. Barakoa ya saizi ya kati ilikuwa ikitafuta mahali pa kuegemea ambapo hapakuwapo tena. Ukingo wake wa chini, ambao unapaswa kutua kwenye kibonde kilichopo kati ya mdomo wa chini na kidevu, ulikuwa umekaa juu ya kidevu chenyewe, na sehemu ya juu imesukumwa kuelekea machoni.

Fikirieni turubai la shughuli lililofungwa vizuri kwenye nguzo zake. Ukizing'oa nguzo za upande mmoja, turubai halipotei, lakini linalegea na kutengeneza mabonde, na huwezi kulinyoosha kwa kukaza kamba za upande wa pili. Meno, au meno ya bandia pamoja na ile sehemu ya waridi inayofunika ufizi, ndiyo nguzo za midomo na mashavu. Zaidi ya hapo, meno ndiyo yanayoizuia taya ya chini isipande kupita kiasi tunapofunga mdomo. Yakiondoka, mdomo ukifungwa kidevu hupanda na kusogea mbele, na usingizi ukikolea taya huanguka, hivyo uso unarefuka tena. Mtu asiye na meno, kwa hiyo, ana uso unaobadilika urefu ndani ya usiku mmoja, na barakoa inatakiwa iuhimili katika hali zote mbili.

Nilirudi kliniki baada ya miezi minne, na safari hii niliingia na sentensi niliyoiandaa tangu kwenye basi: "Ninalala bila meno, naomba nipimwe bila meno, nikiwa nimelala." Yule kijana hakucheka wala kushangaa. Alifunga pazia, akanipa bakuli dogo na kitambaa, akageuka pembeni mpaka nilipokuwa tayari. Nilitoka pale nikijiuliza kwa nini nilijitesa muda wote ule.

Tulichokifanya siku hiyo kilichukua kama saa moja, na nakieleza kwa urefu kwa sababu ndicho kiini cha uzi huu. Nililala chali kwenye kitanda cha uchunguzi, nikaachia mdomo wazi kidogo kama unavyoachia usingizini, naye akapima upya. Saizi ilishuka kutoka ya kati hadi ndogo. Kisha tukajaribu aina tatu, kila moja kwa msukumo wangu halisi wa usiku, ambao ni sentimita 11 za maji (ndicho kipimo cha nguvu ya hewa ya mashine), kwa dakika kumi au zaidi, nikigeuka ubavu wa kulia na wa kushoto. Jambo la msukumo halisi ni muhimu sana, kwa sababu mashine nyingi huanza na msukumo mdogo na kupanda taratibu, na barakoa inayotulia kwenye sentimita nne inaweza kufumuka kwenye kumi na moja.

Ile ya kufunika pua peke yake ilishindwa mapema. Ukingo wake wa chini huegemea mdomo wa juu, na mdomo wangu wa juu hauna cha kuegemea. Ile yenye vipira viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua ilikaa vizuri ajabu, kwa kuwa haihitaji mdomo wala shavu, lakini nilipolegea tu hewa ilitokea kinywani, na daktari alipotazama pua yangu alikuta tundu la kushoto ni jembamba tangu zamani. Ya tatu ilikuwa ya kufunika pua na mdomo, aina ileile niliyokuwa nayo, ila saizi ndogo na yenye mto laini zaidi, na hiyo ndiyo niliyoondoka nayo. Wiki ya kwanza uvujaji ulishuka hadi lita 16, na sasa mara nyingi haufiki 10. Matukio ya kukatika pumzi, ambayo kwa barakoa ya mwanzo yalikuwa bado 14 kwa saa licha ya mashine kufanya kazi usiku kucha, sasa ni matatu.

Namna ya kuivaa nayo nilifundishwa upya. Nalala kwanza, nawasha mashine, naacha hewa ifike kwenye msukumo wake, kisha naiinua barakoa kidogo kutoka usoni ili utando ujae hewa na naiachia itue yenyewe. Mikanda ya chini naifunga kwanza kwa wepesi, halafu ya juu, na kidole kimoja au viwili lazima vipite chini ya kila mkanda. Ninaposikia mluzi sikazi. Naiinua na kuitua tena. Mara nyingi hiyo inatosha.

Nimefungua uzi huu ili na wengine wenye mapengo, wenye meno ya bandia na wanaouguza wazee wao waandike walivyofanikiwa au wanapokwama.

Mchangiaji wa kwanza, kutoka Mombasa

Shikamoo mwalimu. Nakushukuru kwa kuandika jambo ambalo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu.

Mimi ni mama wa miaka 52. Nilipoteza meno manne ya mbele ya juu katika ajali ya pikipiki, na navaa kibandiko kidogo chenye meno manne ambacho nakivua usiku. Kwangu zile barakoa kubwa zilishindikana kabisa, kwa kuwa pengo langu liko mbele na mdomo unabonyea palepale ukingo unapotua. Ninatumia hiyo ya vipira vya puani na nimeridhika nayo, isipokuwa kwamba naamka kinywa kimekauka kama nimekula majivu, na asubuhi kibandiko changu hakishiki ufizi mpaka ninywe maji na kungoja. Jirani amenishauri ninunue mkanda wa kufunga kidevu, na binti yangu ameona mtandaoni watu wanaoziba mdomo kwa utepe wa gundi. Mwingine ameniambia niachane na mashine, nitafute kile kifaa cha kuvaa kinywani kinachovuta taya mbele. Naomba maoni yako.

Mleta uzi

Marahaba mama. Nikianza na hicho kifaa cha kinywani, hicho hushikiliwa na meno yenyewe, ya juu na ya chini, yakiwa imara na ya kutosha. Wewe una mengi yaliyobaki, kwa hiyo daktari wa meno anaweza kukutazama na kukushauri; kwa mtu kama mimi mlango huo umefungwa, na mashine ndiyo njia iliyobaki. Usiiache kabla ya kuzungumza na daktari aliyekuandikia.

Kuhusu kinywa kukauka, hewa ikitokea mdomoni usiku kucha hubeba mate yote, na ni utando mwembamba wa mate ndio unaosaidia kibandiko kushikamana na ufizi. Kwa hiyo unachokiona asubuhi ni matokeo ya uvujaji uleule. Kama mashine yako ina chombo cha maji cha kutia hewa unyevu, kiongeze ngazi moja na uone kwa siku tatu. Hata sisi wa pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, hewa inayopita kwa kasi bado inakausha.

Mkanda wa kidevu nimeujaribu. Ule unaovuta kuelekea nyuma ya kichwa ulinisukumia taya nyuma, yaani ulisukuma ulimi kuelekea kooni, na hilo ndilo tunalolikwepa. Unaovuta kwenda juu, kutoka chini ya kidevu hadi utosini, ni afadhali, lakini kwa asiye na meno unaweza kuipandisha taya kupita kiasi mpaka ufizi ukutane na ufizi. Wewe mwenye meno ya nyuma una cha kuizuia taya, kwa hiyo huenda ukakufaa kuliko ulivyonifaa mimi, mradi ufungwe kwa wepesi na pua yako iwe inapitisha hewa vizuri.

Utepe wa gundi mdomoni siushauri. Mtu akitapika usingizini, au pua ikiziba kwa mafua, au umeme ukikatika mashine ikazima, mdomo uliozibwa ni hatari. Kama unafikiria njia hiyo, iwe baada ya daktari kukuona.

Mchangiaji wa pili

Mleta uzi, nakupongeza, lakini nina swali la moja kwa moja. Ikiwa tatizo linaletwa na kuvua meno, kwa nini msilale nayo tu? Nguzo zinarudi, barakoa inakaa, mambo yamekwisha.

Mchangiaji wa tatu, fundi wa meno ya bandia, Dodoma

Naomba nilijibu hili, kwa kuwa ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi na nimeona madhara ya pande zote mbili.

Ufizi unaofunikwa na akriliki, ile plastiki ngumu ya meno ya bandia, mchana na usiku bila kupumzika huvimba na kuwa mwekundu, na fangasi hustawi chini yake. Huko Japani watafiti waliwafuatilia wazee 524 wenye umri wa miaka 85 na kuendelea, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 wale waliolala na meno ya bandia walikuwa na hatari ya nimonia iliyozidi mara mbili ya wenzao. Mtumiaji wa CPAP hapaswi kulichukulia hilo kwa wepesi. Tena kuna seti ndogo, zile za jino moja au mawili, ambazo zinaweza kung'oka usingizini na kumezwa au kuingia njia ya hewa. Mama wa Mombasa, chako ni cha meno manne, na nakusihi uendelee kukivua.

Kwa upande mwingine, utafiti uliofanyika Italia na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wasio na meno kabisa walikatika pumzi zaidi walipolala bila meno ya bandia kuliko walipolala nayo. Tafiti nyingine zilizofuata, hata hivyo, zilikuta kwa baadhi ya watu hali inakuwa mbaya zaidi meno yakiwa kinywani. Kwa hiyo hakuna jibu moja linaloweza kugawiwa kwa kila mtu. Mgonjwa mwenye seti kamili inayoshika vizuri, ambaye barakoa zote zimemshinda, anaweza kukubaliana na daktari wake alale nayo kwa wiki moja na bila nayo kwa wiki nyingine, kisha wakasoma namba za mashine. Ikionekana anahitaji kulala nayo, basi ipigwe mswaki kwa sabuni kabla ya kulala, na ufizi upewe saa kadhaa za kupumzika mchana. Asiiweke kwenye maji ya moto, kwa sababu akriliki hupinda, na seti iliyopinda haitakaa kinywani wala haitaisaidia barakoa.

Naomba niongeze jambo ambalo mwalimu hakuligusa, nalo ni muda. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya uliokuwa umelishika huanza kupungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, hasa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo unaendelea polepole kwa maisha yote, na taya ya chini hupoteza mfupa mwingi kuliko ya juu. Maana yake ni kwamba aliyeng'olewa meno mwezi uliopita akipimwa barakoa leo, baada ya miezi minane kipimo hicho hakitakuwa chake. Kwa kipindi hicho tafuteni barakoa ambayo mto wake unabadilishwa peke yake bila kununua barakoa nzima, na mpimwe tena. Vivyo hivyo seti yenyewe ya meno inapolegea, irudisheni kwa daktari wa kinywa na meno ili iwekewe tabaka jipya kwa ndani. Mtu mwenye seti iliyolegea hupandisha taya kutafuta mshiko, na sura yake hubadilika hata mchana.

Mleta uzi

Ahsante sana fundi. Suala la mfupa kupungua limenieleza kitu ambacho sikukielewa. Meno yangu matatu ya mwisho ya juu yaling'olewa miezi mitano tu kabla ya kupimwa mara ya kwanza. Kumbe hata kama ningevua meno siku ile, bado ningetakiwa kurudi.

Mchangiaji wa nne, muuguzi, Unguja

Nitaandika machache kuhusu ngozi na kichwa, kwa sababu ndiyo yanayosahauliwa.

Mafuta mazito ya kujipaka, yale ya jamii ya vaselini, yasipakwe usoni kabla ya kuvaa barakoa. Yanaifanya silikoni iteleze, na kadiri siku zinavyokwenda yanaiharibu. Uso uoshwe kwa maji na sabuni, ukaushwe, na kama ngozi ni kavu yapakwe mafuta mepesi ya maji saa nzima kabla ya kulala. Mto wa barakoa nao uoshwe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa kuwa jasho na mafuta ya ngozi peke yake yanatosha kuuharibia mshiko. Kwa mwenye mashavu yaliyobonyea, kitambaa laini cha pamba kilichokatwa kwa umbo la ukingo wa barakoa husaidia kujaza vibonde vidogo na kunyonya jasho, ingawa kwa vibonde vikubwa hakitoshi. Wanawake wenye misuko minene wapimwe mikanda wakiwa na misuko hiyo, na anayelala na mtandio auvae mwepesi chini ya mikanda, usikunjike.

La mwisho ni sumaku. Baadhi ya barakoa zina vishikizo vya sumaku, na watengenezaji wametoa tahadhari kwamba zinaweza kuingilia vifaa vilivyopandikizwa mwilini kama kile cha kurekebisha mapigo ya moyo. Wazee wetu wengi wenye tatizo hili wana maradhi ya moyo pia. Ulizeni kabla ya kuchukua.

Mchangiaji wa tano, kutoka Muscat

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nafanya kazi huku Oman, na baba yangu yuko Wete, Pemba. Ana miaka 74, hana meno kabisa, na anavaa seti kamili za juu na chini. Nilimtumia mashine na barakoa mbili baada ya daktari kumwandikia, na zote zinavuja. Nilipomsomea uzi huu kwenye simu alinyamaza, kisha akasema hatavua meno mbele ya mtoto wa mtu. Mama anasema usiku anakatika pumzi mpaka anaogopa. Nifanyeje nikiwa mbali?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Mwambie baba kwamba ninamwelewa kuliko anavyodhani, na kwamba mimi mwenyewe nilipoteza miezi minne kwa jambo hilohilo.

Asivue mbele ya mtoto wa mtu. Kipimo cha kwanza kinaweza kufanyika chumbani kwake, mlango umefungwa, akiwa na mama peke yake. Alale chali kwenye mto anaolalia, meno yakiwa kwenye maji, mdomo umeachiwa kidogo. Mama achukue rula laini au utepe wa fundi cherehani, apime kutoka kwenye kibonde cha juu ya pua, katikati ya macho, hadi kwenye kibonde kilichopo chini ya mdomo wa chini, na upana wa mdomo kutoka pembe hadi pembe. Apime mara tatu na kuandika zote tatu, kwa sababu mkono wa kwanza hukosea. Watengenezaji wengi hutoa karatasi ya vipimo ya kuchapisha. Ukiichapisha wewe huko, hakikisha haijapunguzwa wala kukuzwa na printa, kisha itume na mgeni anayekuja. Linganisha vipimo vya mama na hizo barakoa mbili ulizotuma. Nina wasiwasi kwamba zote mbili ni kubwa, lakini namba ndizo zitakazosema.

Baada ya hapo, kabla hujanunua ya tatu, mama akae naye usiku mmoja kwa nusu saa ya mwanzo, mashine ikiwa kwenye msukumo wake kamili. Alowanishe nyuma ya kidole kwa maji na kukipitisha polepole kuzunguka ukingo wa barakoa. Ngozi yenye maji huihisi hewa hata ikiwa ndogo. Ajue ni wapi inatoka, kwani kila mahali pana sababu yake. Ikitoka machoni, barakoa inasukumwa juu na kidevu, maana yake ni ndefu. Ikitoka pembe za mdomo, mashavu yamebonyea, maana yake ni pana au inahitaji mto laini zaidi. Ikitoka kote, mara nyingi mikanda imebanwa mno.

Na daktari aliyemwandikia aelezwe kwa maandishi kwamba mgonjwa analala bila meno. Andika wewe barua hiyo, baba aichukue mkononi na kumpa, bila kulazimika kutamka neno. Siku atakapokuwa tayari kupimwa kliniki aombe pazia, na aende na kitambaa chake cha kujifunika mdomo mpaka barakoa itakapovaliwa.

Ukipata vipimo vitatu vya mama pamoja na namba za uvujaji na matukio za usiku saba zijazo, ziandike hapa, mimi na fundi wa Dodoma tutazisoma.